Rangi ya Fotokopi Ikitoka Imepauka, Tafuta Ilipoishia Njiani

Mashine ya fotokopi ya rangi inapoanza kutoa picha zilizochujuka, ofisi nyingi za Unguja na Pemba hufanya jambo moja: huagiza kopo jipya la tona. Kopo linakuja kwa boti kutoka Dar es Salaam, linatiwa, na vipeperushi vya hoteli au vyeti vya skuli vinatoka vile vile, bluu imekuwa kama maji ya ufukweni na nyekundu kama sharubati ya mapera. Baada ya hapo mtu anaingia kwenye mipangilio na kupandisha kiwango cha ukolezi mpaka mwisho. Sasa tona inakwenda mbio, karatasi zinachafuka pasipo na picha, na rangi bado haijarudi.

Kanga huchuja kwa jua na kwa kufuliwa: rangi ilikuwepo, ikaondoka. Karatasi iliyotoka mashineni sasa hivi haijaonja jua wala maji. Rangi yake haikuondoka, bali haikufika. Imekwama mahali fulani kati ya kopo na karatasi, na mahali hapo panaweza kujulikana kwa vipimo vya robo saa, bila ya bisibisi, kabla hujatoa hata shilingi moja.

Njia unayopita unga

Tona ni unga wa plastiki uliochanganywa na rangi na nta, punje zake zina mikroni 5 hadi 8. Upana wa unywele mmoja unatosha kupangia kama kumi kati yake. Unga huu haupakwi kama rangi ya ukuta. Huvutwa kwa umeme tuli, ule ule unaofanya kitana kilichotoka kwenye nywele kavu kinase vipande vya karatasi. Ndivyo Chester Carlson alivyofanya tarehe 22 Oktoba 1938 huko Astoria, New York: bamba la zinki lililopakwa salfa lilisuguliwa kwa kitambaa mpaka likashika chaji, likamulikwa kupitia kioo kilichoandikwa tarehe ile na jina la mahali, likanyunyiziwa unga, na unga ukanasa penye maandishi tu. Mashine iliyopo kwenye kona ya ofisi yako inafanya kazi ile ile, ila kwa rangi nne.

Rangi hizo ni samawati, majenta, manjano na nyeusi. Kwenye makopo zimeandikwa C, M, Y na K. Kila moja ina kituo chake, na ndani ya kituo kuna drumu, bomba linalong'aa, mara nyingi la kijani au bluu. Rola ya chaji inaipa drumu chaji hasi ya mamia ya volti. Mwanga wa leza unapita na kuifuta chaji hiyo penye picha. Kisha inakuja developa, ambayo ni mchanganyiko wa tona na punje za chuma. Tona humo ni asilimia 5 hadi 10 hivi ya uzito. Zilizobaki ni punje za chuma, na kazi yake ni kuisugua tona mpaka ishike chaji, kisha kuibeba hadi kwenye drumu. Drumu inaukabidhi unga kwa mkanda mpana mweusi unaogusana na drumu zote nne, rangi zinapandana juu yake moja baada ya nyingine. Mwisho wa mkanda kuna rola laini kama sponji. Hiyo inaivuta picha nzima kutoka mkandani kwenda kwenye karatasi, na fyuza inauyeyusha unga kwa joto la nyuzi 160 hadi 200 hivi ili ushikane na karatasi.

Kwa hiyo kuna makabidhiano matatu: developa kwa drumu, drumu kwa mkanda, mkanda kwa karatasi. Mawili ya mwanzo hufanyika kwa kila rangi peke yake. La tatu ni la rangi zote kwa pamoja. Ukilishika hili moja, nusu ya kazi ya fundi umeshaifanya: rangi moja ikipauka, tafuta ndani ya kituo chake, zote nne zikipauka kwa pamoja, usianze kununua makopo, tazama rola ya mwisho, karatasi na mipangilio.

Kwanza, kosa ni la nani?

Ingia kwenye mipangilio ya mashine na uchapishe ukurasa wake wenyewe: ripoti ya hali ya mashine au, kama upo, ukurasa wa majaribio wa rangi nne. Ukurasa huu unatengenezwa ndani. Haupiti kwenye kompyuta wala kwenye skana. Ukitoka na rangi zilizokolea, mashine ni nzima, na kuifungua ni kuitafutia maradhi.

Hapo chapisha picha ile ile mara mbili, moja kutoka kwenye kompyuta na nyengine kutoka kwenye fleshi iliyochomekwa kwenye mashine moja kwa moja. Ya fleshi ikiwa nzuri na ya kompyuta imepauka, tatizo ni draiva, yaani programu ya kompyuta inayozungumza na mashine. Mara nyingi kuna aliyetia alama kwenye "kuokoa tona" siku ya kuchapisha rasimu, ikabaki hivyo kwa wote. Au kompyuta inatumia draiva ya jumla iliyojiweka yenyewe badala ya draiva ya mashine hiyo, nayo haijui kuchanganya rangi zake.

Ikiwa ni kopi tu ndizo zinazopauka, tazama juu, kwenye skana na mipangilio yake. Kipengele cha kuondoa rangi ya nyuma ya karatasi kimewekwa ili nakala za karatasi kuukuu zitoke nyeupe, lakini hakijui tofauti ya uchafu na rangi ya waridi: kinakula manjano na vivuli vyote vyepesi. Kirudishe sifuri. Aina ya nakala iwe "maandishi na picha", si "maandishi" peke yake. Kisha futa kioo kikubwa, na ile bati nyeupe ya ndani ya kifuniko, na usisahau kioo chembamba cha pembeni ambacho karatasi za kifaa cha kulisha hupita juu yake. Kopi ya kutoka kwenye kioo ikiwa safi na ya kupitia kifaa cha kulisha ikiwa mbaya, umeshapata mahali.

Rangi ipi? Tumia bendera

Kipimo kizuri cha rangi unacho tayari: bendera ya Zanzibar. Tangu 2005 ina bluu juu, nyeusi katikati, kijani chini, na bendera ya Tanzania kwenye pembe ya juu. Ichapishe kwa ukubwa wa nusu karatasi. Bluu imetokana na samawati na majenta. Kijani kimetokana na samawati na manjano. Majenta ikiwa dhaifu, bluu inakimbilia rangi ya anga na kijani hakibadiliki. Manjano ikiwa dhaifu, kijani kinageuka kuwa cha bluubluu na mistari ya manjano kwenye pembe inapotea, lakini bluu inabaki nzima. Samawati ikiwa dhaifu, zote mbili zinaharibika: bluu inakuwa zambarau na kijani kinapiga unjano. Fedha zote za vipuri zinategemea jibu hili, kwa hiyo lipate kwa uhakika.

Angalizo mbili. Mstari mweusi wa bendera usiutumie kuhukumu nyeusi, maana kwenye picha mashine nyingi huujenga kwa kuchanganya rangi zote; nyeusi ihukumu kwa maandishi ya ukurasa wa mashine. Na manjano juu ya karatasi nyeupe hudanganya jicho la mtu yeyote. Chukua faili la plastiki la bluu linaloonesha upande wa pili, uliweke juu ya ukurasa: manjano iliyokolea itaonekana nyeusi, iliyopauka itaonekana kama kivuli tu, na mabaka yake yote yatajitokeza.

Umbo la mpauko

Baada ya rangi, tazama umbo. Mstari mwembamba uliopauka, ulionyooka kufuata njia ya karatasi, maana yake kuna kitu kimeziba mwanga wa leza, au donge la tona limekwama kwenye ukingo unaosawazisha developa. Mabaka kama mawingu kwenye maeneo yaliyojaa rangi yanaashiria karatasi yenye unyevu au rola ya mwisho iliyochoka. Upande mmoja mzito na mwengine mwepesi ni drumu au rola ambayo haikukaa vizuri kwenye lachi zake, au ni mashine iliyoinama. Hili la mwisho si la kupuuza kwetu. Sakafu za boriti za nyumba za Mji Mkongwe aghalabu hazijanyooka, na unga ndani ya kituo hufanya kama mchanga kwenye sinia: unakwenda palipo chini. Weka pima maji juu ya kioo cha skana kwa urefu na kwa upana, kisha nyanyua miguu ya mashine kwa skrubu zake.

Alama inayojirudia pima kwa rula. Umbali kutoka alama moja hadi inayofuata ni mzingo wa kitu kilichoileta. Drumu yenye kipenyo cha milimita 30 hurudia kila milimita 94. Fundi mwenye jedwali la mashine yako akiambiwa namba hiyo kwa simu atajua kipuri gani apande nacho boti kwenda Pemba, badala ya kuja na mkoba mtupu na kurudi kesho.

Kuisimamisha picha njiani

Kipimo hiki ndicho kinachomaliza ubishi. Chapisha ukurasa uliojaa rangi moja, ile inayosumbua. Karatasi ikishaanza kuingia, kabla haijatokeza upande wa kutokea, fungua mlango wa mbele. Mashine itasimama papo hapo na picha itakamatwa ilipo. Mashine za aina tofauti zinataka haraka tofauti, kwa hiyo mara ya kwanza au ya pili unaweza kukosa.

Fungua sasa mlango wa pembeni ambako karatasi hupita, uitoe karatasi taratibu bila ya kuikunja, na utazame mkanda. Juu yake kuna unga ambao haujayeyushwa, laini kama poda ya mtoto, unafutika kwa mguso wa ukucha. Usiupulize na usiguse mkanda kwa vidole, maana mafuta ya mkono huacha alama itakayotokea kwenye kila ukurasa. Linganisha vitu viwili: unga uliobaki kwenye mkanda, na nusu ya karatasi iliyokwishapita chini ya rola. Mkanda ukiwa na rangi nzito iliyojaa na karatasi ikiwa imepauka, kabidhiano la tatu limeshindwa: rola ya mwisho, karatasi, au mipangilio ya aina ya karatasi. Mkanda wenyewe ukiwa umepauka, rangi ilipotea mapema, ndani ya kituo.

Hapo kazi ni ya fundi, maana lazima drumu itolewe. Drumu iliyopita kwenye mkanda na bado imebeba unga mwingi haikukabidhi vizuri. Drumu ambayo unga wake ni hafifu tangu mwanzo haikupokea, na shauri ni la leza, chaji au developa. Drumu haipendi mwanga: ikitolewa, ifunikwe mara moja kwa kitambaa cheusi kizito, isipigwe na jua la dirishani, isisafishwe kwa spiriti. Ukifunga milango, mashine itausafisha mkanda yenyewe.

Karatasi na hewa ya bahari

Visiwani kwetu hapa ndipo pa kuanzia kila mpauko wa rangi zote. Watengenezaji wengi huandika kuwa mashine ifanye kazi kwenye joto la nyuzi 10 hadi 30 na unyevu wa hewa usiozidi asilimia 80 au 85. Usiku wa masika, kati ya Machi na Mei, hewa yetu huvuka kiwango hicho bila ya shida. Karatasi hutoka kiwandani na unyevu wa asilimia 4 hadi 6 ya uzito wake. Ikiachwa wazi ndani ya trei hunywa hewa mpaka ilingane nayo.

Karatasi iliyolewa maji hupitisha umeme. Rola ya mwisho hutoa volti nyingi ili unga uruke kutoka mkandani, lakini badala ya volti hiyo kusimama nyuma ya karatasi na kuvuta, inatoroka kupitia karatasi yenyewe kwenda kwenye bati za njiani. Unga unavutwa nusu, nusu unabaki mkandani na kwenda kwenye kopo la taka. Umelipia rangi mara mbili: iliyofika na iliyotupwa.

Kuijua ni rahisi. Shika karatasi moja kwa pembe na uitikise karibu na sikio. Kavu inalia, tena kwa ukali. Yenye unyevu inanyamaza kama kitambaa, na ukiitazama kingo zake zina mawimbi. Kisha toa rimu mpya, ichane pale pale mbele ya mashine, weka karatasi 10 na uchapishe ukurasa ule ule. Rangi ikirudi, acha kutafuta. Mashine haina kitu.

Ganda la rimu lina utando wa ndani unaozuia unyevu, kwa hiyo lichanwe siku ya kutumika. Trei ijazwe kiasi cha siku moja, si rimu mbili kwa sababu tu zinaingia. Zinazobaki jioni zirudi kwenye ganda lake au kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko kinachobana. Akiba iwekwe kwenye rafu, mbali na sakafu, na isiegemezwe ukuta wa nje: kuta za mawe na chokaa hunyonya maji ya mvua na kuyatema ndani pole pole kwa wiki nzima. Na kwenye ganda kuna mshale au alama ya upande wa kuchapishwa kwanza. Ufuate.

Kuna jambo jengine ambalo tunalikuta limesahauliwa karibu kila mahali. Mashine nyingi kubwa za ofisi zina au zinaweza kufungwa hita ndogo chini ya trei, na nyengine karibu na skana, za kukausha hewa usiku. Hita hizo hufanya kazi mashine ikiwa imezimwa lakini plagi ipo ukutani. Desturi ya kuchomoa kila kitu saa tisa na nusu mchana, nzuri kwa birika na feni, inazima hita hizo saa zile zile zinapohitajika. Zima mashine kwa swichi yake, acha plagi kwenye kizuia mshtuko wa umeme kilicho bora, na mwulize fundi kama hita imefungwa na kama swichi yake ya ndani imewashwa. Zipo zilizofungwa hita na haikuwahi kuwashwa hata siku moja.

Kiyoyozi kinasaidia kwa sharti moja. Mashine iliyopoa mpaka nyuzi 20 ikifunguliwa madirisha ghafla, hewa ya joto inatoa umande ndani yake kama kwenye chupa ya soda, na umande huo unakaa kwenye kioo cha leza na kwenye drumu. Ukitoka ukurasa umepauka au mtupu asubuhi ya namna hiyo, iache mashine imewaka bila ya kuchapisha kwa saa moja hivi kabla ya kufanya chochote.

Unyevu unaiharibu hata tona, kwa njia ya kuzunguka. Tona yenye unyevu haishiki chaji ya kutosha, na tona dhaifu inaruka ovyo: karatasi huchafuka kwanza, haipauki. Lakini mashine ina sensa, jicho dogo la umeme, inayosoma vipande vya rangi juu ya mkanda. Ikiona unga umezidi, inapunguza. Wiki ya pili rangi zimeshuka, na aliyesahau uchafu wa wiki ya kwanza hawezi kuunganisha mambo haya mawili. Joto nalo lina madhara yake: kopo lililosahauliwa ndani ya gari lililoegeshwa juani hapo Darajani mchana kutwa hushikamana madonge yasiyovunjika tena. Kopo lihifadhiwe limelala, kwenye kivuli, na litikiswe kwa ulalo mara 5 hadi 10 kabla ya kutiwa.

Makopo, taka na developa iliyochoka

Idadi ya kurasa iliyoandikwa kwenye kopo hupimwa kwa ukurasa ambao kila rangi imefunika asilimia 5 tu. Kopo la kurasa 15,000 likitumika kwa mabango yenye rangi hiyo kwenye nusu ya ukurasa linamalizika kwenye kurasa 1,500 hivi. Hakuna aliyekuibia. Tena kwenye kazi kama hizo utaona ukurasa wa kwanza umekolea na wa arubaini umepauka, kisha baada ya mapumziko rangi inarudi: pampu ya tona haikuweza kuijaza developa kwa mwendo uleule iliokuwa ikitumika. Gawa kazi mafungu ya karatasi 20 au 30 na uache dakika chache katikati.

Kinyume chake ndicho wengi hawakijui. Ofisi inayochapisha barua zenye nembo ndogo ya rangi tu, miezi na miezi, nayo hupauka. Tona ya majenta inazungushwa ndani ya developa bila ya kutumika, inasuguliwa na punje za chuma mpaka vile vichembe vya silika vilivyopakwa juu yake ili itiririke vinazama ndani ya plastiki. Tona hiyo bado ipo, kipimo kwenye skrini kinaonesha kopo limejaa, lakini haitiririki wala haishiki chaji ipasavyo. Dawa ni kuitumia: kila wiki chapisha kurasa tano zilizojaa samawati, tano majenta, tano manjano. Inauma kutupa tona hivyo. Developa nne mpya zinauma zaidi.

Kuhusu kopo la taka, tunasema bila ya kupindapinda: usirudishe unga wake kwenye kopo la tona, wala usinunue kwa anayeuza unga wa namna hiyo kwa bei nafuu. Humo mna vumbi la karatasi, chokaa iliyotumika kung'arisha karatasi, rangi nne zimechanganyika, na punje ambazo tayari zilishindwa kushika chaji mara moja. Ukiitia kwenye developa unazichafua punje za chuma, na hizo hazisafishiki. Ujazaji wa tona ngeni nao una hatari ya namna hiyo, kwa sababu kila developa imetengenezwa kwa tona yenye chaji yake. Rangi inaweza kutoka nzuri kwenye kurasa mia mbili za mwanzo, na baadaye kuporomoka, wakati muuzaji ameshasahau.

Usafi usiohitaji fundi

Fungua mlango wa mbele, mara nyingi baada ya kutoa kopo la taka. Kwenye mashine nyingi utaona kijiti kirefu cha plastiki kimepachikwa ndani ya mlango, chenye kipande cha sponji au kitambaa kwenye ncha. Wapo wanaokitupa wakidhani ni kifungashio. Hicho ni ufito wa kusafishia vioo vya leza. Kuna matundu manne, moja kwa kila rangi, na kwenye baadhi yana namba au rangi. Uingize upande wenye sponji ukielekea palipooneshwa kwenye picha ya mlangoni, usukume mpaka mwisho, uvute, mara tatu hadi tano kwa kila tundu. Sponji ikiwa nyeusi, ifute kwanza kwa kitambaa kikavu. Kazi ya dakika mbili, na ndiyo inayoondoa sehemu kubwa ya mistari iliyopauka.

Kwa ofisi zilizo mbele ya bahari, Forodhani, Malindi, bandarini Mkoani, kuna ugonjwa wa ziada: chumvi. Umeme wa volti nyingi hufika kwenye drumu na rola kupitia springi na ndimi ndogo za chuma. Chumvi inazitia ukungu wa kijani au kutu, na volti inafika pungufu. Hili peke yake ni la fundi: azifute kwa spiriti ya isopropili na kitambaa kisicho na nyuzi, mashine imechomolewa, kila ziara. Sensa ya mkanda nayo ifutwe, lakini kavu. Ikiwa imefunikwa na unga husoma uongo, na mashine inapunguza rangi kwa kutii uongo huo.

Kurekebisha rangi, na kwa utaratibu gani

Kwenye menyu kuna rekebisho la rangi la moja kwa moja. Mashine huchapa karatasi yenye vipande vya rangi, unailaza kwenye kioo kama inavyoelekezwa, inaisoma na kujisawazisha. Lifanye baada ya usafi na baada ya kutia karatasi kavu, mashine ikiwa imekwisha chapa kurasa 20 hivi ikapata joto, na kioo kikiwa safi. Ukilifanya kabla, mashine inajifunza kuficha kosa: inapandisha volti kufidia vumbi, na siku vumbi likiondolewa rangi zinafurika. Mara moja kwa mwezi inatosha, na mara mbili mvua za masika na za vuli zinapoanza na zinapokatika.

Aina ya karatasi kwenye trei ilingane na iliyomo. Ukitia karatasi ya gramu 200 ya kadi za harusi huku mashine ikidhani ni ya gramu 80, volti ya rola haitoshi kuvuta unga kupitia unene huo, na fyuza haitoshi kuuyeyusha. Ili kujua kama la fyuza limo, sugua picha kwa kidole baada ya nusu dakika. Ikiacha unga kidoleni, rangi ilifika lakini haikuiva.

Umeme hulaumiwa kuliko unavyostahili. Volti ndogo ya ukutani inachelewesha fyuza kupata joto na kuleta unga unaofutika, lakini volti za drumu na rola zinasawazishwa ndani ya mashine, na mara chache mpauko unatokana na umeme mdogo. Mashine ipewe soketi yake ya ukutani peke yake, isichangie waya wa kurefusha na friji, na isiwekwe kwenye UPS ndogo ya kompyuta, lile boksi la betri ya akiba: fyuza inapowaka inaweza kuvuta wati 1,500 au zaidi, na UPS hiyo itazimika katikati ya kazi huku karatasi imenasa kwenye joto.

Siku mashine inapotoa rangi nzuri kuliko zote, baada ya usafi na rekebisho, chapisha bendera na ukurasa wa mashine, andika nyuma yake tarehe, idadi ya kurasa iliyoonekana kwenye skrini na aina ya karatasi, uzitie kwenye bahasha isiyopitisha mwanga na uziweke ndani ya droo. Mpauko unaotokea pole pole kwa miezi minne hauonwi na anayeutazama kila siku. Ukiziweka karatasi hizo karibu na za leo, dirishani kwenye mwanga wa asubuhi, utaona ni rangi ipi imeanza kubaki nyuma.